Kompyuta ya AMCOS imepigwa Windows 7 upya na sasa inakataa kuamilishwa: tufanyeje kabla ya msimu?

Swali: "Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) moja wilayani Tandahimba. Kompyuta yetu ya mezani tuliinunua ikiwa imeshatumika, ina stika ya Windows 7 ubavuni, na ndiyo yenye programu ya daftari la wanachama inayochapa kwenye printa ya utepe. Mwezi uliopita, baada ya umeme kukatika siku nzima, ikawa kila ukiiwasha inaleta kioo cha bluu chenye 0x0000007B, kisha inajizima. Fundi akasema Windows imekufa. Akatoa diski ya zamani, akaweka nyingine na kupiga Windows 7 upya. DVD yake ya kwanza ilikataa namba ya stika, ya pili ikaikubali. Lakini kila tukijaribu kuiamilisha (yaani Microsoft waithibitishe kuwa ni halali) kwa bando la simu inaleta 0x80072F8F, na zimebaki siku 19. Programu ya daftari aliyoinakili kutoka diski ya zamani, ile ya dirisha jeusi na maandishi meupe, nayo haifunguki. Inasema haiendani na toleo hili la Windows. Saa ya kompyuta inarudi mwaka 2009 kila umeme ukikatika. Fundi anasema Microsoft wameshaifunga Windows 7, dawa ni kukraki, yaani kuilaghai Windows ijione halali, kwa shilingi 20,000. Mwenyekiti anataka tununue mpya. Naogopa siku zikiisha daftari la wakulima litafungwa. Nifanye nini?"

Ndugu Katibu, pole sana, na ahsante kwa kuandika mpaka namba za makosa. Namba hizo mbili, pamoja na habari ya saa kurudi mwaka 2009, zimenieleza mengi. Ninavyoona una matatizo matatu yaliyokuja kwa pamoja yakaonekana kama moja: kioo cha bluu, kuamilisha kunakokataa, na programu isiyofunguka. Mawili ya kwanza huenda yameletwa na kibetri cha ukubwa wa sarafu.

Kwanza nikutoe hofu ya daftari kufungwa. Halitafungwa. Windows 7 ikikaa siku 30 bila kuamilishwa haigusi mafaili ya mtu. Picha ya nyuma ya kioo inageuka nyeusi, pembeni chini yanatokea maandishi kwamba nakala hii si halali, na ukumbusho unajitokeza kila mara kukukera. Lakini utafungua programu, utachapa, utanakili. Hofu hii imerithiwa kutoka Windows XP ya mwaka 2001. Ile ndiyo iliyokuwa ikimzuia mtu kuingia kabisa siku zake 30 zikiisha, na mafundi walioumwa nayo bado wanasimulia kana kwamba ni jana. Isitoshe, ndani ya Windows 7 Microsoft wenyewe waliweka amri ya kuongeza muda. Unafungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika slmgr -rearm, unawasha kompyuta upya, na siku 30 zinaanza tena. Inakubali mara tatu. Kwa hiyo hata bila kuamilisha chochote, ukiitumia kila zinapobaki siku moja au mbili, una zaidi ya miezi mitatu mbele yako. Hakuna sababu ya kufanya jambo la haraka kwa woga.

La pili, maneno kwamba Microsoft "wameifunga" Windows 7. Walichofanya tarehe 14 Januari 2020 ni kuacha kuihudumia: hawatoi tena viraka vya usalama kwa mtumiaji wa kawaida. Kuacha kuihudumia ni jambo moja, kukataa kuiamilisha ni jambo jingine. Namba ya makosa uliyoiandika wala haihusiani na kufungwa. Nitaifikia.

Kabla ya hapo kuna kitu kinachonikosesha amani kuliko leseni, nacho ni ile diski ya zamani. Iko wapi sasa hivi? Kama iko kwa fundi, kaichukue leo. Kilo za kila mkulima, makato yake, malipo yake ya awamu zilizopita, yote yamo humo, na humo huenda ndimo peke yake. Nimewahi kukaa na viongozi wa chama kimoja cha msingi upande wa Newala ambao diski yao ya zamani ilifutwa na kuuzwa kwa mteja mwingine, kwa sababu aliyeipokea aliona ni chuma tu. Walimaliza miezi wakijenga daftari upya kutoka kwenye risiti za karatasi ambazo wakulima walizitunza chini ya magodoro. Mzee aliyepoteza risiti yake hakuwa na pa kusemea. Fundi wako alifanya jambo jema sana kuitoa diski badala ya kupiga Windows juu yake, na hilo mshukuru. Sasa iandike jina kwa kalamu, ifunge kwenye mfuko, iweke kabatini.

Kisha inakiliwe. Kuna waya wa kuunganisha diski ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski za kompyuta kama yenu) na tundu la USB, mafundi wengi mjini wanao. Iunganishe kwenye kompyuta nyingine yenye antivairasi ya kisasa, na unakili folda nzima ya programu ya daftari, wala usichague faili moja moja. Programu za aina hiyo za zamani hazikuhifadhi kazi kwenye folda ya nyaraka. Zilihifadhi ndani ya folda yao zenyewe, mara nyingi moja kwa moja kwenye C, katika mafaili yanayoishia na herufi DBF au mfano wake. Ukinakili nyaraka tu utaondoka na barua za mikutano na kuacha daftari. Fanya nakala mbili, moja ikae ofisini na nyingine ikae nje ya ofisi, kwa mweka hazina au popote mtakapokubaliana kwenye kikao.

Sasa kibetri. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ndani ya lile boksi ambalo wengi tunaliita CPU, kuna betri bapa ya mviringo iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa itembee na kuitunza mipangilio ya msingi pale umeme usipokuwepo. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau: saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, kwenu mwaka 2009, na mipangilio nayo inarudi ya kiwandani. Kwa kompyuta ya umri huo, betri kufa ni jambo la kutarajiwa. Bei yake ni ya soda chache, na hata maduka ya saa huwa nayo.

Tazama jinsi saa inavyozuia kuamilisha. Kompyuta yako inapowasiliana na Microsoft haizungumzi wazi, inataka kwanza ihakikishe kwamba upande wa pili ni Microsoft kweli. Upande wa pili unaonyesha cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama leseni ya biashara. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2009 inapokiona inasema: cheti hiki bado hakijaanza kutumika, simwamini huyu. Inakata mawasiliano na kuleta 0x80072F8F. Kwa hiyo aliyekataa ni kompyuta yako mwenyewe, na Microsoft hawajaulizwa hata swali. Unaweza kubadilisha bando, mtandao wa simu na fundi, na jibu likabaki lile lile mpaka saa irekebishwe. Angalia na mwaka pia, kwa sababu nimeona mtu akirekebisha saa na dakika kwa uangalifu na kuacha mwaka ulivyo. Ukanda wa saa nao uwe wa Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya Greenwich.

Na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, maana huenda tukarudi nyuma kabisa ya tatizo. Ile 0x0000007B kwenye kioo cha bluu maana yake ni kwamba Windows ilianza kuwaka, ikaitafuta diski yake yenyewe, isiipate. Hutokea diski ikiwa mbovu, ndiyo. Hutokea pia virusi vikiharibu. Lakini kisababishi kimoja kikubwa ni kubadilika kwa mpangilio mmoja kwenye BIOS (programu ndogo ya ubao mkuu inayowaka kabla ya Windows), unaoamua kompyuta izungumze na diski kwa lugha gani: ya zamani inayoitwa IDE, au mpya zaidi inayoitwa AHCI. Windows 7 iliyopigwa kwa lugha moja haiijui nyingine mpaka ifundishwe. Sasa unganisha mambo: umeme ulikatika siku nzima, betri imekufa, mipangilio ikarudi ya kiwandani, na asubuhi yake kioo kikawa cha bluu. Kisha fundi akapiga Windows mpya, ambayo ilijifunza lugha iliyoikuta siku hiyo, ikawaka bila shida. Nikiwa mbali hivi siwezi kuapa, ila habari yako inafuatana kiasi kwamba kabla ya kuizika ile Windows ya zamani ningeipima mapigo.

Kuipima si kazi kubwa, mradi uwe umeshanakili data. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Weka betri mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Toa diski mpya, rudisha ya zamani. Washa na uingie BIOS: kwa Dell ni kitufe cha F2, kwa HP ni F10, kwa nyingine mara nyingi ni Delete. Rekebisha tarehe na saa. Nenda sehemu inayotaja SATA na uangalie kama imeandikwa IDE au AHCI. Ipige picha kwa simu ilivyo, ibadilishe iwe ile nyingine, hifadhi, toka. Ikiwaka, utaiona kompyuta yenu ya zamani kama mlivyoiacha, na programu yake, na printa yake, na leseni yake ikiwa vile vile. Hapo habari ya kuamilisha inakuwa imekwisha yenyewe. Ukiona bluu tena, irudishe kwenye ile picha uliyopiga, rudisha diski mpya, na tuendelee.

Tuseme imekataa na lazima mbaki na Windows mpya. Kuamilisha ni kitu ambacho wakulima wa kwetu wanakijua kwa jina jingine. Ukipeleka korosho ghalani unapewa stakabadhi, lakini mnunuzi hategemei karatasi uliyoshika tu. Namba yake inalinganishwa na kitabu cha ghala: mzigo huu upo, ni wa huyu, haujauzwa mara mbili. Namba ya tarakimu na herufi 25 kwenye stika ni stakabadhi yenu. Windows inaangalia baadhi ya vipande vya kompyuta, yaani ubao mkuu, prosesa, diski na kadi ya mtandao, inatengeneza namba inayovitambulisha, na kuipeleka Microsoft pamoja na namba ya stika. Huko wanatazama kama stika hiyo imeshatumika kwenye kompyuta nyingine, na wakiridhika wanarudisha kibali. Majina ya wanachama wala mafaili yenu hayaendi popote.

Kuna jambo lililo upande wenu. Kompyuta za viwanda vikubwa zilitoka kiwandani zikiwa zimeamilishwa kwa namba moja ya kiwanda kizima, na Windows ilikuwa inatambua alama ya kiwanda iliyo kwenye BIOS. Namba ya stika mara nyingi ilibaki haijaguswa, ikisubiri siku kama ya leo. Ndiyo maana ukitumia programu ya kusoma namba kutoka kwenye Windows ya zamani utapata namba tofauti na ya stika. Usiitumie hiyo, soma stika. Kama imefifia, ipige picha kwa simu ukiimulika kutoka pembeni. Na hapa kuna siri ndogo inayookoa muda: namba za Windows 7 hazina sifuri, hazina 1, hazina 5, wala hazina irabu hata moja. Unachodhani ni sifuri kitakuwa D au Q. Ukiona kama I, tazama tena. Penye utata mkubwa ni B na 8, na G na 6.

DVD ya kwanza kukataa namba yenu kuna maelezo pia. Mafundi wengi hutembea na DVD ya Windows 7 Ultimate, wakati stika za kompyuta za ofisi kwa kawaida ni za Professional. Namba ya Professional haifungui Ultimate, kama ufunguo wa ghala moja usivyofungua jingine hata kama makufuli yanafanana. Stika inataja toleo juu ya namba, lisomeni kwanza ndipo mchague DVD.

Tatizo la tatu, programu ya daftari kutofunguka, halihusiani kabisa na kuamilisha, na hata mngekraki mara kumi lisingeondoka. Windows 7 ipo ya biti 32 na ya biti 64. Programu zilizoandikwa enzi za DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, zenye dirisha jeusi kama yenu, zinahitaji ya biti 32. Ya biti 64 iliondolewa kabisa uwezo wa kuziendesha. Fundi amewawekea ya biti 64, labda akidhani ndiyo bora, na kwa kazi nyingine angekuwa sahihi. Kwa kazi yenu inabidi apige tena, safari hii ya biti 32. Namba ya stika ni ile ile kwa zote mbili. Utakachopoteza ni RAM inayozidi takriban GB 3.5, ambayo daftari la maandishi haliihitaji, na siku 30 zitaanza kuhesabiwa upya. Kabla ya kupiga, mpakue kabisa draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya kadi ya mtandao kwenye fleshi, la sivyo mtamaliza na kompyuta isiyoweza kuingia mtandaoni kuchukua draiva ya kuingilia mtandaoni.

Saa ikiwa sahihi na bado 0x80072F8F inarudi, kuna sababu ya pili inayofahamika: Windows 7 iliyotoka kwenye DVD haitumii kwa kawaida usimbaji wa sasa wa mawasiliano, TLS 1.2. Hakikisha kwanza ina Service Pack 1 (fungu kubwa la viraka vya Windows 7), kisha weka kiraka KB3140245 pamoja na marekebisho yanayoambatana nacho. Viraka vingine vyote vya tangu katikati ya 2019 vinahitaji viwili vitangulie, KB4490628 halafu KB4474419. Vipakueni kwa kompyuta nyingine kutoka ukurasa wa Microsoft wenyewe. Njia nyingine ni ya simu. Andika slui 4 kwenye sehemu ya kutafutia, chagua Tanzania, utapewa mafungu 9 ya tarakimu sita sita. Unayataja kwa namba ya simu iliyoonyeshwa, au huenda ukaelekezwa kuyaingiza kwenye ukurasa wa Microsoft kupitia simu yako, na wewe unarudishiwa mafungu 8 ya kuandika. Kaa na mtu wa kukusomea. Tarakimu moja ikikosewa mnaanza upya.

Kuhusu kukraki nitasema bila kuzunguka: msifanye. Najua shilingi 20,000 ni ndogo na fundi ana nia ya kusaidia. Lakini elewa kinachowekwa. Aina moja inajipenyeza kabla Windows haijawaka na kujifanya alama ya kiwanda. Nyingine inajenga ndani ya kompyuta yako "Microsoft" ya bandia, kompyuta ikawa inajiuliza na kujijibu yenyewe. Zote zinahitaji mamlaka ya juu kabisa ya mashine, na maelekezo yake karibu kila mara huanza na "zima antivairasi". Mtu akikuambia umtoe mlinzi ndipo aingize mzigo ghalani, ungemruhusu? Huko ndiko virusi vya kuiba na kufunga mafaili vinakopita. Na nyinyi mna stika halali mliyoilipia. Kutafuta ya wizi wakati halali iko ubavuni ni hasara tupu.

Sasa la upande wangu wa kuonya. Windows 7 ikiamilishwa inakuwa halali, haiwi salama. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia vikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na kompyuta nyingi zilizoumia zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekewa kiraka kilichokuwa kimetoka miezi miwili kabla. Havikuhitaji mtu abofye chochote. Vilipita kwenye mtandao kutoka mashine moja kwenda nyingine. Leo viraka vipya havitoki kabisa. Kivinjari cha Chrome nacho kilisimama toleo la 109 kwa Windows 7. Kwa hiyo iunganisheni kwa dakika zile za kuamilisha tu, kisha zimeni. Mashine hii iwe ya daftari na printa, basi. Barua pepe, mambo ya benki na mifumo ya mnada vifanyike kwenye kifaa kingine.

Mtandao ukishazimwa, mlango unaobaki ni fleshi. Fleshi ile ile inatoka steshenari, inapita kwa karani, inaishia kwenye daftari la wakulima. Nunueni moja ya chama, iandikeni jina, na isichomekwe kokote isipokuwa kwenye kompyuta hii na kwenye ile moja yenye antivairasi ya kisasa.

Niulize na hili: mifuko ya salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, mnaihifadhi wapi? Katika ofisi nyingi nilizoingia kati ya Mtwara na Nachingwea nimeikuta imepangwa chumba kimoja na kompyuta. Salfa hushambulia shaba na madini ya fedha, na unyevunyevu ukiwepo kazi inakwenda haraka. Vidole vya kuunganishia vinapiga weusi na mashine inaanza kugoma leo na kupona kesho. Wahandisi hutumia unga huo huo kwa makusudi wanapotaka kupima kama utando wa metali uliopakwa juu ya shaba au madini ya fedha una vitundu. Hamisheni salfa, au hamisheni kompyuta. Mkifungua boksi kuweka betri, pulizeni vumbi, mtoe RAM na kusugua taratibu vidole vyake kwa kifutio cha penseli.

Mwenyekiti naye ana hoja. Mashine hii haitaishi milele, na hata Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ya kununua ni yenye Windows 11. Lakini Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, na kompyuta mpya kwa kawaida haina tundu la printa yenu. Mkinunua leo mtakuwa na mashine nzuri isiyofungua daftari, wiki chache kabla ya mizani kuanza kazi. Ushauri wangu ni msimu huu mvuke na ya zamani, mpya iingie kwenye bajeti ya baadaye. Baada ya minada, pale ofisi inapopoa, mtu akae na yale mafaili ya DBF. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inayafungua kama jedwali, na hapo mnaweza kuhamia mfumo mwingine kwa utulivu. Ipo pia programu ya DOSBox, inayoendesha programu za enzi za DOS ndani ya kompyuta za kisasa. Ijaribuni kwa nakala, na mhakikishe uchapaji kabla ya kuitegemea. Linux nyepesi, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ningewashauri kwa kazi za barua, si kwa daftari hili.

Yapo mambo ambayo hayafai kufanywa kwa kusoma maelezo yangu. Diski ya zamani ikigonga au kutoa mlio wa kukwaruza inapowashwa, zimeni hapo hapo na msijaribu tena. Kila jaribio linakula data, mpelekeeni mtu wa kuokoa data. Mkiona kwenye ubao vimikebe vidogo vya mviringo vimevimba juu, au mkisikia harufu ya kuungua, hilo ni la fundi wa vifaa. Boksi la umeme ndani ya kompyuta msilifungue kamwe, hata likiwa limechomolewa. Kwa msaada wa ana kwa ana anzeni na afisa TEHAMA wa halmashauri kupitia afisa ushirika wenu, au ulizieni walimu wa chuo cha VETA Mtwara. Na yeyote mtakayemkabidhi diski, mwandikishiane: imepokelewa lini, kwa kazi gani, inarudi lini. Majina, simu na akaunti za wanachama ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana nyinyi mnaozitunza.

Ukishaweka betri, zima kompyuta, chomoa waya usiku mzima, na asubuhi uiwashe uone saa inasema nini. Ikishika, fungua daftari na uchape risiti moja ya majaribio, uitazame tarehe kabla hujamchapia mkulima yeyote. Risiti ya korosho za mwaka huu iliyoandikwa 2009 itakuletea maswali marefu siku wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, watakapofika. Kisha niandikie diski ya zamani ilisemaje ulipobadilisha ule mpangilio wa SATA.